Nadharia ya mageuko: Ni ushahidi gani ungeweza kuiangusha?

NADHARIA ya mageuko ya viumbe, iliyoelezwa kwa kirefu na Mwingereza Charles Darwin katika kitabu chake cha mwaka 1859, ni miongoni mwa nadharia za kisayansi zinazobishaniwa zaidi nje ya maabara. Wapo wanaoikubali bila kuihoji, na wapo wanaoikataa bila kuisikiliza.

Katika mabishano hayo husahaulika swali ambalo wanasayansi wenyewe hulitanguliza: iwapo nadharia hii si ya kweli, ni kitu gani kingepaswa kuonekana duniani ili uongo wake udhihirike?

Swali hilo si la mzaha. Mtabiri anayesema kwamba kesho mvua itanyesha au haitanyesha hawezi kukosea kamwe, lakini mkulima hapati faida yoyote kutokana na utabiri wake. Anayesema kwamba mvua itanyesha kesho kabla ya adhuhuri amejiweka mahali pa kuumbuliwa, na kwa sababu hiyo hiyo maneno yake yana maana.

Nadharia ya mageuko imejiweka mahali pa kuumbuliwa mara nyingi. Baadhi ya mara hizo ilinusurika kwa tabu.

Madai matatu

Kwa kifupi, nadharia hiyo ina madai makuu matatu. La kwanza ni kwamba viumbe hai, kuanzia mchicha hadi tembo, wana asili moja, na kwamba undugu wao ni wa karibu au wa mbali kama ulivyo undugu wa watu katika ukoo.

La pili ni kwamba viumbe hao walibadilika kidogo kidogo, kizazi hata kizazi, kwa muda mrefu mno. La tatu ni kwamba chanzo kikuu cha viumbe kuafikiana na mazingira yao ni uteuzi wa asili: wanaozaliwa na sifa zinazowafaa mahali walipo huishi na kuzaa zaidi kuliko wenzao, na sifa hizo huenea katika vizazi vinavyofuata.

Madai hayo yanashikamana, lakini hayapimwi kwa kipimo kimoja. Undugu hupimwa kwa kulinganisha miili na vinasaba. Muda hupimwa katika miamba. Uteuzi wa asili hupimwa kwa kuhesabu waliozaliwa, waliokufa na waliosalia. Dai moja linaweza kuanguka na jingine likabaki limesimama.

Shaka ya Popper

Mtu aliyelipa swali la kukanusha nafasi yake katika falsafa ya sayansi ni Karl Popper, mzaliwa wa Vienna nchini Austria. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1934, alieleza kwamba kinachoitofautisha sayansi na mambo mengine si wingi wa mifano inayoiunga mkono, bali uwezekano wa kuikanusha.

Kauli kwamba kunguru wote ni weusi mwili mzima haithibitishwi na kunguru weusi 1,000, lakini huangushwa na kunguru mmoja mwenye shingo nyeupe.

Popper mwenyewe aliitilia shaka nadharia ya Darwin kwa kipimo hicho. Katika miaka ya 1970 aliandika kwamba haikuwa nadharia ya kisayansi inayopimika, bali mpango wa utafiti wa kifalsafa wenye manufaa. Hofu iliyokuwapo ni kwamba ikisemwa wanaosalia ni wanaofaa, kisha ikasemwa wanaofaa ni wale waliosalia, maneno yanazunguka palepale kama ng'ombe wa kinu cha mafuta.

Hata hivyo, katika mhadhara alioutoa Cambridge, Uingereza, mwaka 1977, Popper alitangaza kwamba amebadili mawazo. Alikubali kwamba uteuzi wa asili unaweza kuelezwa kwa namna inayopimika, na akaongeza kwamba ukielezwa hivyo unaonekana kutokuwa kweli kila mahali, kwa kuwa yapo mabadiliko ya viumbe yanayotokana na bahati tu. Kwa mwanafalsafa huyo, jambo linaloweza kuonekana si kweli mahali fulani ndilo linalostahili kuitwa la kisayansi.

Sungura katika mwamba wa kale

Jibu maarufu zaidi la swali la kukanusha hunasibishwa kwa mwanabiolojia wa Uingereza, J.B.S. Haldane. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa ni kitu gani kingemfanya aiache nadharia hiyo, alijibu kwamba ni masalia ya sungura katika miamba ya kabla ya enzi ya Kambriani.

Jibu hilo ni fupi lakini lina hesabu ndani yake. Enzi ya Kambriani ilianza takriban miaka milioni 539 iliyopita. Mamalia wa kwanza wanaonekana katika miamba yenye umri wa takriban miaka milioni 200, na kabla yao wametangulia samaki, amfibia na reptilia. Sungura mmoja wa kweli katika mwamba wa miaka milioni 600 angekuwa mjukuu aliyezaliwa kabla ya babu wa babu yake.

Kwa zaidi ya miaka 150, wachimbaji wa mabara yote wamefukua visukuku, yaani masalia ya viumbe yaliyohifadhiwa katika miamba, kwa idadi kubwa mno. Wengi wa wachimbaji hao hawakuwa na nia ya kuitetea nadharia yoyote; baadhi walikuwa wakitafuta makaa ya mawe au mafuta. Sungura huyo hajapatikana, wala nyangumi katika miamba ya samaki wa kwanza, wala ua katika miamba ya enzi ya Kambriani.

Miamba hiyo hiyo ilimtia Darwin wasiwasi kwa upande mwingine. Katika siku zake, viumbe wa Kambriani walionekana kuzuka bila watangulizi, naye alikiri katika kitabu chake kwamba hiyo ilikuwa hoja nzito dhidi yake. Jibu lilichelewa kwa karibu karne nzima. Mwaka 1946 alama za viumbe wenye miili laini zilionekana katika vilima vya Ediacara, Australia, na mwaka 1957 nyingine zikaonekana Charnwood, Uingereza, katika miamba iliyothibitika kuwa ya kabla ya Kambriani.

Mitego aliyoitega Darwin mwenyewe

Darwin hakungoja wapinzani wamtafutie makosa. Katika kitabu chake aliandika kwamba iwapo kitaonyeshwa kiungo chenye utata ambacho hakingeweza kabisa kujengeka kwa mabadiliko madogo madogo yanayofuatana, nadharia yake itaporomoka. Aliandika pia kwamba itabatilika iwapo itaonekana sehemu ya mwili wa kiumbe iliyoundwa kwa faida ya kiumbe wa jamii nyingine peke yake.

Mtego wa kwanza umejaribiwa zaidi kwa jicho. Miongoni mwa wanyama waliopo leo wamo wenye doa tu linalotambua mwanga, wenye kishimo, wenye tundu dogo lisilo na lenzi, na wenye jicho kamili. Kila hatua inamfaa mwenyewe. Mwaka 1994 watafiti wawili wa Sweden, Dan-Eric Nilsson na Susanne Pelger, walikokotoa kwamba kutoka doa bapa hadi jicho lenye lenzi kungeweza kuchukua vizazi visivyozidi 400,000, hata kama kila badiliko lingekuwa dogo sana.

Mwaka 1996 mwanabiokemia wa Marekani, Michael Behe, alidai kwamba kiungo alichokitaja Darwin kimepatikana: mkia unaozunguka wa bakteria, ambao alisema haufanyi kazi ukiondolewa sehemu moja. Wenzake walijibu kwamba sehemu kadhaa za mkia huo zinafanana na kifaa ambacho bakteria wengine hukitumia kudunga sumu katika seli, kwa hiyo nusu yake ilikuwa na kazi nyingine. Hoja hizo zilisikilizwa mahakamani katika jimbo la Pennsylvania mwaka 2005, na jaji hakuridhika na dai la Behe.

Mtego wa pili haujamnasa mtu. Ua humpa nyuki asali, lakini nyuki hulibebea chavua. Ua linalompa mdudu kila kitu bila kupata chochote, kizazi baada ya kizazi, halijaonekana.

Hatari mbili za karne ya 19

Pigo zito kuliko yote lilitoka kwa mwanafizikia. Mwaka 1862 William Thomson, aliyejulikana baadaye kama Lord Kelvin, alikokotoa umri wa dunia kwa kuichukulia kama jiwe la moto linalopoa. Alipata kati ya miaka milioni 20 na milioni 400, na kufikia mwaka 1897 alikuwa ameshusha makadirio hadi kati ya milioni 20 na 40.

Iwapo Kelvin alikuwa sahihi, muda haukutosha. Darwin alifariki mwaka 1882 bila kupata jibu la uhakika la hoja hiyo. Kilichobadili hali ni fizikia yenyewe: mwaka 1896 Mfaransa Henri Becquerel aligundua mnururisho, ambao ulifungua njia ya kupima umri wa miamba bila kutegemea joto la dunia. Mwaka 1956 Mmarekani Clair Patterson alichapisha umri wa dunia wa takriban miaka bilioni 4.55, na hesabu hiyo haijabadilika sana tangu hapo.

Hatari ya pili ilihusu urithi. Mwaka 1867 mhandisi Fleeming Jenkin alisema kwamba ikiwa sifa za wazazi huchanganyika kwa watoto kama maziwa na chai, sifa mpya ingeyeyuka katika vizazi vichache kabla ya kuenea. Hoja hiyo ilikuwa sahihi; lililokuwa na kosa ni wazo la wakati huo juu ya urithi. Mtawa Gregor Mendel alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka mmoja kabla, kwa kupanda njegere, kwamba vipengele vya urithi havichanganyiki bali hupita vikiwa vizima. Kazi yake haikupata kuangaliwa kwa makini hadi mwaka 1900.

Katika hatari zote mbili, nadharia ilikuwa imedai jambo ambalo sayansi ya siku zile ililikataa: dunia iwe kongwe mno, na urithi uwe wa vipande visivyoyeyuka. Mambo hayo mawili yangeweza kabisa kuwa kinyume.

Utabiri uliongoja wakati

Mapema mwaka 1862 Darwin alipelekewa ua la okidi kutoka Madagaska lenye mrija wa asali wa karibu sentimita 30. Alisema lazima yupo nondo mwenye mkonga wa kufika huko. Mwaka 1903 nondo wa aina hiyo alielezwa kisayansi kutoka kisiwa hicho hicho, na mwaka 1992 akaonekana akinyonya ua hilo.

Utabiri mwingine uliihusu Afrika. Mwaka 1871 Darwin aliandika kwamba, kwa kuwa sokwe na gorila ndio ndugu wa karibu wa binadamu na wote wanaishi Afrika, yaelekea mababu wa binadamu nao waliishi katika bara hilo. Wakati huo hapakuwa na mfupa hata mmoja wa Afrika wa kumuunga mkono.

Kwa miaka mingi ushahidi ulionekana kwenda kwingine. Mwaka 1891 masalia ya kale yalipatikana kisiwani Java, na mwaka 1912 fuvu la Piltdown lilitangazwa Uingereza. Fuvu la Taung kutoka Afrika Kusini, lililotangazwa na Raymond Dart mwaka 1925, lilipuuzwa na wengi. Mwaka 1953 vipimo vilionyesha kwamba Piltdown ilikuwa ghushi: fuvu la binadamu wa kawaida lililounganishwa na taya la orangutani.

Julai 1959 Mary Leakey aliokota Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, fuvu lililoitwa Zinjanthropus, ambalo umri wake ulipimwa kuwa takriban miaka milioni 1.75. Mwaka 1974 mifupa ya Lucy ilipatikana Ethiopia, yenye umri wa miaka milioni 3.2. Mwaka 1978 nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili zilifukuliwa Laetoli, kusini mwa Olduvai, katika majivu ya volkano ya takriban miaka milioni 3.66.

Nyayo hizo zilionyesha kwamba kutembea wima kulitangulia ubongo mkubwa, kinyume cha ilivyodhaniwa na waliolipokea fuvu la Piltdown. Masalia yote ya jamii ya binadamu yenye umri unaozidi miaka milioni 3 yanayokubalika na wataalamu walio wengi yametoka Afrika. Yangeweza kutoka Australia au Amerika ya Kusini, na hapo hoja ya Darwin ingekufa.

Mfano wa karibu zaidi ni wa samaki. Miamba ilionyesha samaki wenye mapezi ya nyama takriban miaka milioni 380 iliyopita, na wanyama wa miguu minne takriban miaka milioni 365 iliyopita. Neil Shubin na wenzake walitafuta miamba ya kati ya umri huo, iliyotokana na mito ya kale, wakaipata kaskazini ya mbali ya Kanada. Walianza kuchimba mwaka 1999, na mwaka 2004 wakampata Tiktaalik, samaki mwenye magamba, shingo, na mifupa ya mkono ndani ya pezi.

Ushahidi wa vinasaba

Darwin hakujua chochote kuhusu vinasaba. Kwa hiyo sayansi hiyo, iliyozaliwa baada yake, ilikuwa na nafasi nzuri ya kumkanusha.

Mwaka 1982 watafiti watatu wa New Zealand, David Penny, L.R. Foulds na M.D. Hendy, waliipima nadharia hiyo waziwazi. Walichukua protini tano tofauti kutoka aina 11 za wanyama, na kwa kila protini wakachora mti wa undugu. Kwa aina 11 ipo miti 34,459,425 inayowezekana. Kama viumbe hao hawakuwa na ukoo mmoja, hapakuwa na sababu ya protini tano kuchagua miti inayofanana. Zilichagua miti iliyokaribiana mno.

Jaribio jingine liko ndani ya kila seli ya binadamu. Binadamu ana jozi 23 za kromosomu, ilhali sokwe, gorila na orangutani wana jozi 24. Kupotea kwa jozi nzima kungeua, kwa hiyo iwapo wana babu mmoja, lazima jozi mbili ziliungana kwa binadamu na alama ya kiungo ionekane. Mwaka 1991 alama hiyo ilionekana katika kromosomu ya pili: mpangilio wa vinasaba ambao kwa kawaida hukaa ncha za kromosomu, umekaa katikati, umepeana kisogo.

Malaria na damu

Hofu ya kuzunguka palepale ilikuwa imekwisha kupata jibu katika Afrika Mashariki, zaidi ya miaka 20 kabla ya Popper kubadili mawazo. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichukua sampuli za damu nchini humo mwaka 1949. Aliona kwamba wenye kinasaba cha selimundu walikuwa wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na wachache sana nyanda za juu zenye baridi.

Mtoto anayerithi kinasaba hicho kwa wazazi wote wawili hupata ugonjwa mkali. Kwa nini basi hakikutoweka? Allison alisema anayekirithi kwa mzazi mmoja hukingwa dhidi ya malaria. Hapo "kufaa" hakukupimwa kwa kuangalia nani amesalia, bali kwa kutaja sababu mapema. Iwapo nyanda zisizo na mbu wa malaria zingekuwa na wenye kinasaba hicho kwa wingi ule ule, angekuwa amekosea. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1954, na tafiti zilizofuata zimeyaunga mkono.

Maabara nazo zimefanya kazi yake. Februari 1988 Richard Lenski wa Marekani alianza kukuza makundi 12 ya bakteria kutoka mzazi mmoja, na jaribio hilo limepita vizazi 75,000. Mwaka 2008 ilitangazwa kwamba kundi moja, baada ya vizazi takriban 31,500, lilipata uwezo wa kula sitireti penye oksijeni, jambo ambalo mzazi wao hakuliweza. Kama makundi yote yangebaki vilevile, lingekuwa pigo kwa wanaosema mabadiliko madogo huzaa uwezo mpya.

Yasiyoikanusha

Si kila habari inayotangazwa kuwa imeiangusha nadharia hiyo huiangusha. Mwaka 2010 nyayo za wanyama wa miguu minne zilitangazwa kutoka Poland, zenye umri wa takriban miaka milioni 390, yaani kongwe kuliko Tiktaalik. Ugunduzi huo ulionyesha kwamba Tiktaalik hawezi kuwa mzazi wa wanyama wa kwanza wa nchi kavu, na tarehe zikasogezwa. Haukubadili utaratibu wenyewe, kwa kuwa samaki bado wametangulia.

Pengo katika visukuku nalo si kanusho, kwani viumbe wengi hufa na kuoza bila kuacha alama. Ghushi ya Piltdown ilifichuliwa na wanasayansi wenyewe. Swali la jinsi uhai wa kwanza ulivyoanza ni swali jingine, ambalo nadharia ya mageuko haikuliahidi jibu.

Swali la kuwapo kwa Mungu pia halimo katika madai matatu yaliyotajwa. Hakuna kisukuku kinachoweza kulithibitisha wala kulikanusha, na mwenye kuitumia nadharia hii kwa kazi hiyo, awe upande wowote, ameipeleka nje ya mipaka ya vipimo vyake.

Orodha ya vitu vinavyoweza kuiangusha ingalipo: sungura wa Haldane, kiungo kisichoweza kujengeka kwa hatua, miti ya vinasaba inayopingana kabisa, kiumbe anayeishi kwa faida ya mwingine tu. Kila mwamba unaopasuliwa na kila kiumbe anayesomwa vinasaba ni nafasi mpya ya kukipata kimojawapo. Atakayekipata, akakiweka mezani kikapimwa na wengine, hatahitaji kubishana na mtu.